Sura ya Tisa na Sabuni ya Mche

Harufu ya sabuni ya mche hunisimamisha hadi leo. Nikipita Kariakoo nikakuta ile miche mirefu imepangwa kwenye meza, muuzaji anaikata vipande kwa uzi wa waya, miguu yangu hugoma. Wenzangu niliofuatana nao hudhani nataka kununua. Nyumbani kwangu tunafulia sabuni ya unga, na wanangu wameshazoea kwamba mama yao ana vituko vyake.

Nilikuwa na miaka kumi na saba wakati ule, na mtu anaweza kusema kidato cha tano si utoto tena. Mimi nasema ulikuwa utoto, kwa sababu najua ulikoishia: Jumamosi moja, mchana, mbele ya kaunta ya duka la jumla katika Mtaa wa Kongo.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, miaka ya foleni. Baba alikuwa fundi katika karakana ya reli, nasi tulikaa kota za reli huko Gerezani, ambako vikombe viligongana kabatini kila kichwa cha treni kilipopita. Shuleni nilichukua fizikia, kemia na hisabati. Darasa letu lilikuwa na watu ishirini na wanane, wasichana tukiwa wawili tu, mimi na Aikaeli. Yeye alikuwa binti wa mfanyabiashara wa Kichaga, mrefu, mwenye sauti ya chini, na madaftari yake yote yalinuka sabuni ya mche kwa sababu aliyahifadhi ndani ya katoni tupu za sabuni dukani kwao. Wavulana walimtania kwamba fizikia yake ni safi kwa kuwa huifua kila siku. Alicheka nao, kisha akawashinda kwenye mtihani.

Mwalimu wetu wa fizikia, Mwalimu Kapinga, alikuwa mtu wa Songea, mpole, mwenye koti moja la kaki ambalo mifuko yake ilijaa vipande vya chaki. Alitaka tusome fizikia ya juu, ile inayotumia kalkulasi, ambamo mtu hakariri kwamba kitu kinakwenda kasi fulani, bali anakifuata kinavyobadilika nukta kwa nukta. Tatizo ni kwamba kitabu kilikuwa kimoja. Kimoja kwa shule nzima, jalada lake limeshonwa kwa uzi wa gunia.

"Kitabu ni kimoja, ndugu zangu, lakini mikono ni ishirini na minane," alituambia siku ya kwanza. "Kila mtu atapewa sura yake. Atakaa nayo, ataijua, ataitunza. Wengine watanakili kwake."

Basi ndivyo tulivyoishi. Kila mmoja alikaa na kitabu siku tatu, akanakili sura yake, akakirudisha kabatini. Baada ya hapo hakuna aliyekiona tena kitabu. Wewe ndiwe uliyekuwa kitabu. Hata majina tuliyasahau. "Sura ya Nne, njoo ubaoni." "Sura ya Kumi na Mbili ana malaria leo." Mimi nilikuwa Sura ya Tisa, inayohusu kapasita, kile chombo kidogo kinachohifadhi umeme kisha kikautoa, kwanza haraka, halafu polepole, halafu kwa uchovu kabisa. Nilijivuna sana kwa sura ile. Nilitembea nayo uani kama mtu aliyepewa kata ya kuongoza.

Mwalimu Kapinga alitupa sharti moja, akalirudia mpaka tukamwigiza. Ukiona kitu cha shaka kwenye sura ya mwenzako, usirekebishe kwa akili yako, maana na wewe utanakiliwa, na kosa lako litazaa. Mwendee mwenye sura, umwulize. Akishakujibu, jibu lake ndilo kitabu.

Sehemu ya mwisho ya sura yangu niliinakili kwenye foleni ya sukari, mbele ya duka la ushirika, nimekaa juu ya debe lililopinduliwa, daftari mapajani. Mama alikuwa amenituma nishike nafasi. Kitabu kilitakiwa kurudi kesho yake. Nilikuwa nimefika kwenye kanuni kuu, ile iliyowekwa ndani ya kisanduku, ambayo kitabu chenyewe hakikuonyesha hatua zake, kilimwachia msomaji azitafute. Hapo mtu akapiga kelele, "Imefika! Imefika!" Watu wakasukumana, debe likaanguka, mama mmoja akanikanyaga kidole. Nilipokaa tena niliendelea pale nilipodhani nimeishia.

Miezi ikapita. Darasa zima likanakili Sura ya Tisa kwangu.

Jumamosi ya kabla ya mtihani wa kumaliza kidato cha tano, nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nikijipima kwa swali la namba. Kapasita yangu ilipaswa kuishiwa umeme. Badala yake ikazidi kujaa, na baada ya nukta chache ilikuwa na umeme wa kuwasha Dar es Salaam nzima, Bagamoyo ikabaki na ziada. Nilicheka kwanza. Kisha nikaitazama kanuni ndani ya kisanduku changu. Alama ya kutoa haikuwepo. Niliiruka kwenye foleni ya sukari, na watu ishirini na saba waliiruka pamoja nami.

Nilichukua wembe wa baba, nikakwangua wino taratibu, nikabana alama ya kutoa mahali pake. Halafu nikavaa kandambili nikaenda Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kumwambia Aikaeli dukani kwao. Wengine ningewaambia Jumatatu asubuhi kabla ya kuingia. Yeye hakuweza kungoja, na nilijua kwa nini. Baba yake alikuwa amempa sharti mbele ya ndugu zao: akifeli somo hata moja mwaka ule, shule basi, anakuja dukani. Kaka yake mkubwa alikuwa ameondoka na mzee alibaki peke yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu, na hakuona fizikia inamsaidia nini msichana.

Nilimkuta nyuma ya kaunta, daftari limefunguliwa juu ya katoni. Baba yake alikaa pembeni kwenye kiti cha kukunja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Ndiye huyu anayekufundisha?" alimwuliza binti yake.

"Ndiye huyu, baba. Sura ya Tisa mwenyewe."

Mzee akanitazama kwa heshima ambayo sijapata kutazamwa nayo na mtu mzima. "Haya. Nasikia una kichwa. Msaidie mwenzako."

Aikaeli akaniegemea karibu, akashusha sauti. "Shoga, Mungu kakuleta. Kesho ningekuja mwenyewe kwenu. Ile kanuni ya kwenye kisanduku, nimeizungusha tangu jana. Mimi kila nikiitafuta naipata na alama ya kutoa. Hakuna kitu umeruka?"

Hapo ndipo nilipoacha utoto wangu. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, nilitembea nalo kutoka Gerezani. Lakini mzee alikuwa ananisikiliza, wateja wawili walikuwa wamesimama, na mimi ndimi niliyekuwa na kichwa. Nikaona aibu. Na nitasema yote, kwa kuwa nimeamua kusema: nilikumbuka pia kwamba katika kila mtihani yeye alikuwa wa kwanza na mimi wa pili.

"Hakuna," nikamwambia. "Iko vilevile kama kitabuni."

Alitazama daftari lake. "Basi ni mimi," alisema. "Sijui nakosea wapi." Akachukua kalamu ya risasi akafuta kitu alichokuwa ameandika.

Nilipoaga akaniita. Sabuni ilikuwa imeadimika mjini mwezi ule, watu wakifulia majani ya mpapai. Akakata kipande cha mche, akakizungushia gazeti, akaniwekea mkononi. "Mpelekee mama. Ni asante yangu ya Sura ya Tisa." Kama alikuwepo shetani pale dukani, alikuwa amekaa ndani ya gazeti lile. Nilikipokea kwa mikono miwili.

Mama alifurahi mpaka akaimba. Alinifulia sare yangu kwa sabuni ile, na Jumatatu nikaingia kwenye mtihani nikinuka kama daftari la Aikaeli. Wenzangu niliwakuta wamesimama uani wakiulizana maswali. Sikuwaambia neno.

Swali la kapasita lilikuwepo, na wavulana waliandika kanuni mbovu bila wasiwasi, wakapoteza alama chache, wakaendelea mbele. Aikaeli alikuwa safu ya mbele yangu. Kwa saa tatu nilimwona mgongo. Aliandika, akafuta, akaandika, akaomba karatasi nyingine, akafuta tena. Sikuelewa anafanya nini muda wote ule. Kengele ilipolia alikuwa hajafungua ukurasa wa pili wa maswali.

Wiki iliyofuata Mwalimu Kapinga alinisimamisha. "Ndugu Sura ya Tisa, lete daftari lako." Alifungua ukurasa ule mbele ya darasa. Kanuni ilikuwa sahihi. Wenzangu wakaguna, wakaanza kulaumiana nani alinakili vibaya. Mwalimu akapitisha kidole gumba juu ya ile alama ya kutoa, pale wembe ulipokwangua karatasi ikabaki na manyoya. Akakipitisha tena. Kisha akanirudishia daftari, akasema nikae. Katika mtihani ule nilikuwa wa kwanza. Kiti cha Aikaeli kilikuwa kitupu siku hiyo, na siku zote zilizofuata.

Nilimwona mara moja tu baadaye, nikiwa tayari mwalimu wa fizikia katika shule ileile. Nilikuwa nikipita Msimbazi niliposikia mtu akipaza sauti katikati ya watu, "Sura ya Tisa!" Niligeuka. Alikuwa amenenepa, kamshika mtoto mkono, anasafiri kesho yake kurudi kwa mumewe Moshi. Akamwambia mtoto, "Msalimie mama, huyu ndiye alinifundisha fizikia." Tukacheka. Nikamwambia ilikuwa hasara kubwa yeye kuacha. Akapunga mkono. "Aa, wapi! Mimi kichwa changu kilikuwa cha dukani, shoga. Yale yalinishinda." Aliyasema bila uchungu wowote. Nikamwacha aende hivyo.

Mwalimu Kapinga alipostaafu alinikabidhi ufunguo wa kabati la maabara. Alinipa mkono tu. Kitabu kile kilikuwa ndani, na uzi wake wa gunia, na kilifunguka chenyewe kwenye sura ya tisa, kwa sababu hapo palikuwa na karatasi zilizokunjwa. Zilikuwa za mtihani wa Aikaeli. Nilizisoma nimesimama.

Alikuwa ameitafuta kanuni mwenyewe, hatua baada ya hatua, kwa kalkulasi safi kuliko ya kitabu, akafika na alama ya kutoa mahali pake. Akaikata. Akaanza upya kwa njia nyingine, akafika palepale, akaikata tena. Mara tatu. Chini kabisa aliandika kanuni yangu bila ile alama, na pembeni, kwa Kiswahili ingawa mtihani ulikuwa wa Kiingereza, akaandika kwa kalamu ya risasi: "Nimemwuliza mwenye sura."

Miaka yote nilidhani nilimnyima alama za mtihani. Sikujua kwamba katika darasa zima ni yeye peke yake aliyeelewa, na kwamba kuelewa kwake ndiko kulikomwangusha, na kwamba mimi nilimfanya akatae akili yake mwenyewe, mara tatu, kwa mkono wake.

Aikaeli yu hai. Mdogo wake bado ana duka Kariakoo, alinipa namba ya simu ya dada yake, akaniambia dada atafurahi sana kusikia sauti yangu. Nimeibonyeza mara nyingi nikakata kabla haijaita. Karatasi zake nimezifunga kwenye bahasha ndani ya kabati langu la nguo. Leo nimewaambia ninyi, na zamu haikuwa yenu, ilikuwa yake.