Unafuu wa Upande wa Mara

Mnyaa ukikatwa unatoa maziwa yenye harufu kali, inawasha mpaka puani. Juzi asubuhi niliisikia hapa kwangu Bariadi kabla sijamaliza uji. Kutoka nje, namkuta fundi anafyeka uzio wangu kwa panga, na mwanangu Masanja kasimama na simu anapiga picha kiwanja. Cha kuuza! Hata salamu ya asubuhi, "mwangaluka, mayu", hajanipa.

"Mama, nimelinganisha," akaniambia. "Tangu Bariadi iwe makao makuu ya mkoa kila kitu kimepanda. Kodi ya jengo unakatwa kwenye luku ya umeme, mchele haushikiki. Upande wa Mara mzee anaishi kwa nusu ya hapa."

"Hesabu hiyo naijua," nikamjibu. "Ilishammaliza babu yangu." Na panga nikampokonya fundi.

Kaeni niwaeleze, maana hasira haijanitoka.

Nilikuwa na miaka saba hivi, kijijini Nkololo. Guku, yaani babu mzaa baba, alikuwa na ng'ombe wengi na macho yaliyoingia ukungu kama maziwa yaliyotiwa maji. Lakini ungemwona asubuhi usingejua. Alitoka peke yake, mkono wa kushoto ukipapasa uzio wa minyaa hadi zizini. Anamgusa kila ng'ombe mgongoni, anamtaja jina. Kisha anafuata mteremko kwa nyayo mpaka kisimani, kutaniana na wazee wenzake. "Ninyi wenye macho mmemwaga maji," anawaambia, "mimi kipofu ndoo imejaa!" Anacheka mpaka anakohoa.

Siku moja baba mkubwa Ngassa akarudi kutoka Kasoli kuuza pamba, kajaa habari. Eti upande wa Mara kodi ya ng'ombe ni ndogo, chumvi rahisi, malisho bure. Mzee akamalizie uzee kwenye unafuu. Siku tatu wanaume walikaa na pombe wakilinganisha huku na kule, na mwenye uzee wenyewe hakuulizwa. Guku alisema neno moja tu, "Nchi haipimwi kwa debe." Wakacheka. Tukahama.

Na hesabu yao ilikuwa ya kweli, hilo ndilo linanikera zaidi. Kodi ilikuwa ndogo. Chumvi tulilamba mpaka tukakinai. Ila asubuhi ya kwanza Guku alitoka nje, akanyoosha mkono wa kushoto, akashika hewa. Hatua tatu, akatumbukia kwenye shimo walikochimba udongo wa tofali. Baba mkubwa akamtoa, akamkung'uta vumbi mbele ya majirani wageni kama anakung'uta mtoto.

"Mzee, wewe kaa," akamwambia.

Akakaa. Siku hiyo hakutaja jina la ng'ombe hata mmoja.

Basi nikapewa kazi ya kumwongoza. Jamani, nilivyofurahi! Guku mzima, mwenye zizi, ananishika bega mimi mtoto wa kike mwenye kamasi! Maji ananiomba mimi, hata haja kubwa nampeleka mimi. Nikawa naringa kwa binamu zangu, tena yeye amesimama pale pale: "Ninyi mna nini? Guku bila mimi haendi popote!" Alinyamaza. Mkono wake ukawa mzito begani, nami nikajua huo ndio upendo.

Hakufikisha msimu wa pili wa pamba. Msibani baba mkubwa akatamba kwamba walau mzee alipumzika. Watu wakaitikia.

Uzito wa mkono ule nimeubeba miaka yote kama tuzo. Juzi, nilipokuwa nageuka kurudi ndani na panga lile, Masanja akanishika kiwiko anisaidie kupanda kizingiti. Kizingiti changu mwenyewe, nakipanda kila siku! Nikautupa mkono wake. Ndipo nikasimama pale mlangoni, uso umenishuka, nikamkumbuka Guku anavyonyamaza. Alikuwa ananisikia, mzee wa watu. Alikuwa ananisikia nikijisifia kitu walichomnyang'anya.