Gari Litoke Saa Kumi

Kabla sijasema ya mpwa wangu, niseme yangu, maana bila mimi asingekuwa alivyo. Mimi ni kinyozi. Shule tuliachana mapema, bila ugomvi, lakini hakuna kichwa chenye elimu mtaani hapa ambacho sijakiinamisha kwa kidole kimoja. Kibanda changu kinatazamana na lango la kiwanda cha magodoro, na humo ndimo binti wa dada yangu alimokuwa fundi wa mashine ya kukatia sponji. Mkono wake mwepesi. Kaurithi kwa nani, sisemi.

Kiwanda kile kina tabia yake. Kazi inaisha saa kumi, king'ora kinalia, lakini hatoki mtu mpaka gari la bosi litoke. Haijaandikwa popote. Aliianza baba yake bosi, aliyejenga kiwanda. Mzee akafa, tabia ikabaki. Na huyu mwana hatoki mpaka giza liingie. Basi watu hufanya nini? Huwasha mashine tupu! Visu vinakata hewa, mikanda inazunguka haijabeba kitu, ngurumo inafika hadi kwangu, ili bosi kule ghorofani asikie kazi inaendelea. Watengeneza magodoro, wao wenyewe kitanda hawakioni. Niliwacheka mpaka mbavu zikaomba radhi.

Mpwa wangu hakucheka. Ana binti mdogo, ambaye akitoka shule hushinda kwangu, na kila jioni mama akifika humkuta amelala kwenye kiti cha wateja. Siku moja alipombeba, mtoto akafumbua jicho moja, akasema, "Shikamoo, shangazi," akalala tena. Mimi nikacheka. Yeye alisimama pale na mtoto begani kama mtu aliyepigwa kofi gizani.

Asubuhi akapanda ofisini kwa bosi, akamweleza kwamba visu vinaisha kwa kukata hewa na watu wanaisha kwa kungoja gari. Nilidhani atafukuzwa. Kumbe bosi alifurahi, akampa cheo palepale: Mkuu wa Mabadiliko. Akapewa chumba, na kiti kinachozunguka.

"Mjomba, nimepandishwa," akaniambia.

"Umepandishwa au umetundikwa?"

"Wewe nawe! Saa kumi nitakuwa nyumbani na mwanangu, utaona."

Ukaitishwa mkutano. Bosi mwenyewe akashika kipaza sauti: kuanzia leo, king'ora kikilia, kila mtu kwake. Makofi yakapigwa, nikayasikia nikiwa na wembe mkononi. Saa kumi ikafika, king'ora kikalia. Kimya kidogo. Halafu mashine zikaanza kunguruma, tupu kama jana.

Mpwa wangu akatoka peke yake ili wamfuate. Bawabu akamwinulia kizuizi, akamtazama kwa huruma.

"Dada, wamekufukuza?"

"Nimemaliza kazi."

"Pole sana. Mungu atafungua mlango mwingine."

Hakufuatwa hata na paka. Usiku uleule ilipotulia ngurumo, alikuja kunyolewa yule mkata sponji wanayemwita Mwembamba, nikamuuliza kwa nini hawakutoka.

"Mjomba, sisi si watoto," akasema. "Bosi anataka kujua nani ana haraka ya kwenda kwake."

Basi hapo ndipo akili yangu ilipohitajika. Wenye vyeo wangeita mkutano mwingine. Mimi nilimwambia mpwa wangu maneno machache: "Acha kuwavuta watu. Vuta gari. Hawa hawasikii kipaza sauti, wanasikia injini." Hilo hulisomi darasani, bwana.

Akapanda tena kwa bosi. "Mzee, naomba gari lako litoke saa kumi. Hilo tu."

Jibu la bosi alikuja kunisimulia mpwa wangu mwenyewe. Alisema: "Binti yangu, nikitoka saa kumi niende wapi? Mke wangu alishafariki, watoto wako mbali, kule nyumbani kuta zinanitazama. Baba alinifundisha kukaa hapa. Kukaa nyumbani hakunifundisha." Akafikiri. "Gari litatoka. Nitazunguka mtaa, niingie kwa lango la nyuma. Nawe utanisubiri huku juu, tuyazungumze hayo mabadiliko. Utakaa kidogo. Kidogo tu."

Ungekuwa wewe ungejibuje? Alikubali, akidhani kidogo ni kidogo.

Kesho yake saa kumi gari likatoka. Mashine zikazimwa moja baada ya nyingine, na watu wakamwagika langoni jua likiwa bado kali, wakikodolea macho barabara kama wageni. Mwembamba akaja mbio kwangu.

"Mjomba, ninyoe!"

"Si nilikunyoa majuzi?"

"Basi nichane tu. Sijui jioni watu hufanya nini."

Siku hizi anajua. Anatembea na mkewe, wanacheka njiani, na kila akipita hunipigia kelele: "Mkuu wetu katufungua! Mwenyewe yuko wapi tumshukuru?"

"Ana kazi," najibu. Mpwa wangu amenikataza kusema. Wakijua gari limerudi kwa nyuma, kesho wote watarudi kwenye mashine.

Yeye yuko juu, kwenye kiti kinachozunguka. Bosi anamwagizia chai, anamsimulia habari za baba yake, zilezile. Akiinua mkoba, anaambiwa kaa kidogo. Juma lililopita alijaribu kuvunja mapatano: king'ora kilipolia akatoka na wenzake, akamkumbatia mwanawe hapa kibandani, mtoto akamwonyesha jino lililotoka. Nikafurahi, nikasema yameisha.

Kesho yake gari halikutoka. Saa kumi ikapita, mashine zikawaka tupu, ngurumo mpaka giza. Bosi hakumlaumu wala hakumgombeza. Alikaa tu dirishani. Na siku iliyofuata, king'ora kilipolia, mpwa wangu alimwona Mwembamba anawasha mashine yake tupu, hainui uso, ndipo akapanda ngazi mwenyewe, bila kuitwa. Gari likatoka.

"Acha kazi," nikamwambia.

"Nikiacha, mjomba, nani atakaa naye?"

Mimi nikaanza kufuta kioo.

Leo hii naandika, king'ora kimelia, gari limepita, wafanyakazi wamekwenda zao, na giza linaanza kuingia. Dirisha moja tu ghorofani lina taa. Mtoto yuko kwenye kiti cha wateja, miguu haigusi chini.

"Babu," ananiita, "mashine zimenyamaza."

"Zimenyamaza, mama yangu."

"Zikinyamaza mama haji."

Nikachukua mashine yangu ya kunyolea, nikaiwasha, nikaishika hewani, hakuna kichwa chini yake. Ikanguruma. Mtoto akacheka, akageuka kutazama lango.

Sijaizima bado.