Suruali Isiyo na Kasoro

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya kurudisha bidhaa katika duka moja la nguo huko Hopkins, ughaibuni. Mbele yangu mama Mkenya, bado amevaa sare ya unesi, aliweka suruali mpya ya jinzi juu ya kaunta. Keshia, binti wa Kikongo, aliigeuzageuza akitafuta palipochanika.

"Iko na shida gani, mama?"

"Haina shida. Imeshonwa Kenya, kwenye kiwanda anachofanyia kazi dada yangu. Juzi moto ulizuka, na mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Wafanyakazi wakaruka kupitia dirishani. Dada amevunjika mguu."

Keshia akaiweka chini taratibu. Mwanamume nyuma yangu akasema kwa upole, "Lakini tukiacha kununua, si dada atafutwa kazi?"

Mama akamgeukia. "Sitaki afutwe, ndugu yangu. Nataka wafunguliwe mlango."

Keshia aliigeukia kompyuta. Ilikubali sababu tatu tu za kurudisha nguo: rangi, saizi au kasoro. Akabonyeza saizi.

Basi huko makao makuu watasoma kwamba suruali ile ilimbana mtu. Hawatakuwa wamedanganywa sana.