Bi Pili na Donge Lisilouma

Siku yangu ya kwanza katika kliniki ya wanawake, Mji Mkongwe, Muuguzi Mkuu aliniamuru nitie mikono kwenye maji ya vuguvugu kabla hajanifundisha lolote. Alisema mkono wa baridi humfanya mwanamke akaze mwili. Kisha akanionyesha uchunguzi wa matiti: vidole vitatu, duara ndogo ndogo, kutoka kwenye chuchu mpaka kwapani ziliko tezi. Mashine ya mamografia, ile inayopiga picha ya titi, haikuwa karibu na wengi, kwa hiyo vidole ndivyo vilivyotangulia. Nilikuwa hodari, na nilijua kuwa ni hodari.

Nilipohamishiwa kusini, upande wa Makunduchi, nilimkuta Bi Kazija, mkandaji. Kila mzazi alipita mikononi mwake kwa mafuta ya nazi ya moto. Titi lenye donge alilikanda vilevile, akiamini ni maziwa yaliyoganda. Jumatano moja, siku ya kliniki yangu, alimsindikiza kwangu Bi Pili, mkulima wa mwani, mama wa watoto watano. Nilipapasa nikakuta donge gumu kama kokwa ya tende, haliumi wala halisogei. Kwapani hamkuwa na kitu. Nikaandika barua aende hospitali ya mjini atolewe kinyama kwa sindano, kipimwe.

Laiti ningeishia hapo. Lakini nilitoka nje nikamkabili Bi Kazija mbele ya foleni nzima.

"Wewe ndiye unayetuulia watu kwa mafuta yako."

Alijitanda kanga yake akaondoka. Bi Pili, aliyekandwa na mikono ile uzazi mara tano, alimfuata, na barua akaiacha kwenye benchi. Nilikwenda kwake mara mbili, nikaambiwa yuko pwani. Jumatano zilizofuata hakuja mtu.

Daktari wa Wilaya aliniita. Nilijitetea kwamba nilisema kweli.

"Kweli umeisema," akanijibu, "na wagonjwa umewafukuza. Nenda kamtake radhi."

Kiburi kilinichelewesha. Ilipita miezi minne ndipo nikaenda. Bi Kazija aliitikia shikamoo yangu, akanisikiliza, kisha akasema, "Lau ungeniita pembeni, mwanangu, ningempeleka mjini mwenyewe."

Kesho yake alimleta Bi Pili. Safari hii tezi za kwapani zilikuwa zimevimba. Alikatwa titi, akapewa dawa nzito za saratani. Nilipokwenda kumtazama aliniuliza kama siku ile ya kwanza kwapani mlikuwa na kitu. Nikamwambia hamkuwa na kitu.

"Nshakusamehe, Bi Raya," alisema. "Lakini usimfanyie mwengine."

Alifariki mwaka wa pili. Nililia, na bado nalia.

Tangu hapo Bi Kazija hakukanda donge lolote. Aliwashika mkono wanawake akawaleta mpaka mlangoni kwangu. Nanyi wauguzi vijana, waambieni wanawake: kunyonyesha, kutembea na kujizuia unene hupunguza hatari, hakuiondoi. Aliyeuguliwa na mama au dada kwa saratani hii aseme mapema. Donge lisilouma ndilo la kukimbilia kliniki. Na yasemeni haya kwa upole.

Siku ya kustaafu, hotuba zilinisifu kuwa nimeokoa wengi. Nilikaa kitini nikimfikiria mmoja, niliyemgundua mapema kisha nikamfukuza.