Ukuta Ambao Mvua Haikuufuta

Mwaka wa uhuru nilikubali ukuta wa mbele wa nyumba yetu upigwe plasta ya saruji na kuchorwa kwa rangi ya mafuta. Hakuna aliyenilazimisha. Mwenyekiti wa kamati ya sherehe ya mtaa wetu, pale Ilemela, alikuja na mifuko miwili ya saruji na makopo ya rangi, akasimama mbele ya michoro yetu ya udongo ukutani, akaniambia, "Bwana karani, kazi kama hii kuiachia mvua ni dhambi." Nilikuwa nimesoma sekondari, na niliamini kwamba kitu kizuri ni kile kinachodumu. Nikasema ndiyo kabla sijaingia ndani kumwuliza mke wangu.

Ukuta ule ulikuwa wa udongo, na ulikuwa wetu sote wawili. Kila mwaka vuli ilianza kuufuta, masika yakamaliza. Mwezi wa sita tuliukandika upya, tukachora kwa udongo mwekundu wa kichuguu, udongo mweupe wa ufukweni na masizi ya chungu. Mimi nilitumia bua la mtama nililolitafuna ncha, yeye vidole. Hatukupanga chochote. Mwaka mmoja alichora kenge aliyevaa kofia ya bwana shamba. Mimi nikachora lori la pamba lenye kwato. Jirani yetu, akipita na ndoo ya maji, alitutania kwamba watu wazima tunacheza matope. Mke wangu akamwambia asipoangalia atachorwa yeye, na kweli akamchora, na ndoo yake na makalio yake. Jirani akawaleta ndugu zake waje kuona.

Nilipomweleza mke wangu habari ya saruji, alikuwa anachambua dagaa. Akauliza, "Na mwakani tutachora nini?"

Nikamjibu kwamba mwakani tutapumzika.

"Nani kakwambia nimechoka, baba watoto?"

Saruji ilikuwa tayari uani.

Kamati ndiyo iliyosema kichorwe nini: mwanamume na jembe, mwanamke na kikapu cha pamba, jua linachomoza. Nilipima kwa rula. Brashi ilikuwa moja, nikaishika mimi siku zote nne. Siku ya sherehe watu walinipongeza sana, na mke wangu akawapikia chai.

Masika yaliyofuata hayakufuta kitu. Mwezi wa sita nilimkuta amekanda udongo mwekundu kwenye bakuli, anajaribu kuupaka pembeni mwa lile jua. Ulikauka, ukabanduka kama magamba ya sato. Akaniomba tuibomoe ile plasta. Nikakataa, nikasema watu wanaitambua nyumba yetu kwa picha ile. Alinawa mikono, wala hakuomba tena.

Mimi nami sikuchora tena. Nilirudi kutoka kazini, nikala, nikasoma gazeti. Yeye akashinda uani na kazi zake. Tuliishi hivyo miaka kumi na tisa, mpaka alipofariki. Nilitaka sifa za wapita njia, na nilizipata kwa msimu mmoja. Kwa ajili ya hizo nilipoteza kuchora, na nilimnyang'anya mke wangu kitu pekee ambacho alikuwa akikifanya kwa sababu tu kilimfurahisha.