Meza Ilitafutiwa Siku Njema

Mdogo wangu Wing-hong amefika miaka hamsini bila kukosea hata mara moja. Alipofeli mtihani wa kuingia chuo, kosa lilikuwa la dawati lililotazama magharibi. Mkewe alipofungasha virago, kosa lilikuwa la kioo kilichoelekea kitanda. Kampuni ilipomwachisha kazi alitutangazia mezani, supu ikipoa, kwamba kiti chake cha ofisini kiliupa mlango mgongo. Nikamuuliza kama kiti ndicho kilichokuwa kikichelewa kazini kila Jumatatu. Alinikata jicho, akaendelea kutafuna bata.

Msidhani mimi napinga fengshui, elimu yetu ya kupanga nyumba na vitu ili bahati iingie. Hapa Hong Kong nani anaipinga? Mimi mwenyewe silali miguu ikielekea mlangoni, na fundi aliyenibandikia jiko ubavuni mwa sinki nilimtukana mpaka akalihamisha. Lakini watu wenye akili hutumia fengshui kupanga nyumba. Wing-hong huitumia kukwepa lawama.

Baada ya kufukuzwa alirudi kwa mama, kwenye nyumba ya zamani ya To Kwa Wan, gorofa ya pili, akaanza kuuza bima. Ofisi yake ilikuwa meza sebuleni, karibu na friji. Wateja wake wote walikuwa wazee wenzake mama, waliopanda ngazi kila alasiri kucheza mahjong. Mama alikaa dirishani kwenye kiti chake cha mianzi, akimwona mtu chini barabarani anamwita apande anywe supu. Mtu akishashiba supu ya mama, anaona haya kuondoka bila kumsikiliza mwanawe. Hivyo ndivyo bima zilivyouzwa, na kila mtu alijua isipokuwa muuzaji.

Yeye aliona biashara inakwenda polepole, basi akamwita Mwalimu Szeto, mtaalamu wa fengshui. Huyo bwana alikuja na shati la hariri na dira pana kama sahani, akazunguka sebule huku akiguna.

"Meza iwe na ukuta mgongoni na iuone mlango," alisema. "Na kona ya mali ya nyumba hii ni ile pale."

Kidole chake kilikuwa kimemwelekea mama, aliyekuwa akichambua maharage.

"Pale pana mama," nikasema.

"Pana kiti," akasema Wing-hong. "Kiti kinahama."

Kiti kihamie wapi? Sebule yenyewe ukinyoosha mikono unagusa kuta. Ikaja meza kubwa, kabati na tangi la samaki, na kwa mama hapakubaki nafasi. Ikaamuliwa, yaani Wing-hong aliamua, kwamba aje kukaa kwangu Sham Shui Po "kwa muda". Mama hakubisha. Yeye anaamini fengshui kuliko sisi sote. Aliuliza jambo moja tu.

"Umenitafutia siku njema ya kuhama, mwanangu?"

"Mama, kila kitu kimetafutiwa siku."

Alipofika kwangu, kabla hata hajavua viatu, alikwenda jikoni kwenye kalenda ya ukutani, ile ya kuchana karatasi moja kila siku, inayotaja kila siku inafaa kwa lipi na haifai kwa lipi. Akaisoma karatasi ya siku hiyo: haifai kuhama, haifai kuingia nyumba. Akaifunua ya kesho yake: njema kwa kufungua biashara na kuweka samani.

"Siku ya meza ni kesho," akasema, akakaa.

Nikampigia Wing-hong simu palepale.

"Wewe! Mbao umezitafutia siku, mama yako umemtoa kama takataka?"

"Usikuze mambo, dada. Meza inaingia kesho asubuhi. Nilihitaji pawe wazi."

Basi pakawa wazi. Wazee walipopanda ngazi walimkuta Wing-hong amefunga tai, nyuma ya meza, samaki wakimzunguka kichwani.

"Mama yupo?"

"Hayupo. Karibuni tuzungumze bima."

Wote wakakumbuka wameacha chungu jikoni. Wiki hiyohiyo walikuwa kwangu, wamepanda basi na kete zao za mahjong, wananimalizia chai. Wing-hong akabaki akiutazama mlango, na mlango ukimtazama. Szeto aliitwa tena, akaongeza samaki mweusi. Samaki mweusi hakununua bima. Safari iliyofuata, huyo mtaalamu akavumbua kwamba kona inahitaji mtu aliyezaliwa mwaka wa Ng'ombe, kwa hesabu yetu ya kuipa miaka majina ya wanyama.

Mama ni wa mwaka wa Ng'ombe.

Wing-hong akaja kwangu alasiri na boksi la keki ndogo za mayai, wazee wamejaa mezani. Hakuuliza mama amelalaje wala anakula nini.

"Mama, mwalimu amesema urudi."

Mama aliweka kete zake chini. Kwa sekunde moja niliogopa atasimama, maana anampenda mpumbavu huyu. Kisha akaniambia, "Nitolee ile kalenda msumarini."

Akavaa miwani. "Leo haifai kuhama. Kesho inagombana na Ng'ombe. Kesho kutwa haifai kuingia nyumba."

"Mama, siku nyingine zipo..."

"Hii nayo inafaa kuoga na kunyoa tu. Kanyoe."

Wazee wakaangua kicheko. Wing-hong akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Mama, hizo ni karatasi tu!"

Kicheko kikakatika. Hata mzee Kwai, asiyesikia vizuri, aliinua kichwa.

Mama alivua miwani taratibu. "Ya meza uliisoma," akasema. "Ukinipatia siku njema kama ya meza, nitarudi."

Akachukua kete zake, mchezo ukaendelea. Kiti kimoja kilikuwa tupu, lakini hakuna aliyemwambia akae. Alisimama palepale na boksi lake mkononi, ameupa mlango mgongo.