Mayai ya Ngege

Tangu asubuhi mtoto hakuwa amecheza tumboni, nami badala ya kukimbilia hospitali nikaenda kumhoji mtafiti wa samaki. Nilikuwa na miadi, na kwa mwoga miadi ni kisingizio kizuri sana.

Ninafundisha bayolojia katika shule ya bweni huko Rangwe. Nilikuwa nikikusanya mazungumzo na watafiti ili wasichana wangu wajue kuna kazi nyingine zaidi ya udaktari. Huyu, mwanamke wa rika langu, alikuwa na maabara ndogo mjini Homa Bay. Alichunguza jinsi moyo wa ngege unavyoumbika ndani ya yai, yai ambalo mama samaki hulitunza kinywani. Nilivaa dera pana kuficha tumbo. Kwetu mimba haitangazwi, na mimi nilikuwa na sababu ya ziada: ile ya kwanza ilinyamaza hivihivi, ikiwa na miezi sita, nikiwa bado nacheka na watu.

"Karibu, madam," alisema. "Ukae tu, lakini usitingishe meza. Hawa watoto hawapendi fujo."

Mayai yale aliyaita watoto.

Nilimwuliza alivyoingia kazini. Akasema alizaliwa Muhuru Bay, mamake akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, na kuhesabu alijifunza pale, akimsaidia kuwapima kwa kopo, gorogoro baada ya gorogoro. Alitaka kusomea uhasibu, akakosa alama, akapelekwa sayansi ya wanyama.

"Nililia wiki mzima," alisema akicheka. "Halafu siku moja nikaona moyo ikianza kupiga. Haina hata damu ya kusukuma, madam, imeanza tu. Basi sikutoka tena."

Niliandika neno kwa neno.

Aliinamia hadubini, akaanza kuhesabu mapigo kwa sauti ya chini: achiel, ariyo, adek, yaani moja, mbili, tatu. "Wenzangu hunicheka," alisema, "lakini kwa Kijaluo sikosei." Akasogeza yai jingine. Safari hii hakuhesabu. Alilinyonya kwa mrija na kuliweka kando.

"Hilo vipi?" nikauliza.

"Hiyo imeisha."

"Unajuaje? Labda limelala."

"Naangalia moyo."

"Na kabla hujaangalia, kuna dalili gani?"

"Ukiwa nje huwezi jua, madam. Lazima uangalie."

Lilikuwa jibu la kisayansi kabisa, na nililichukia. Nikaendelea kumwuliza habari za mayai yanayonyamaza, swali juu ya swali, hadi akaweka mrija chini na kulitazama dera langu.

"Hajacheza tangu lini?"

"Asubuhi."

"Na uko hapa unaniuliza mambo ya samaki?"

Alikasirika waziwazi, na hasira yake ilinifaa kuliko pole yoyote. Alivua koti lake jeupe, akanishika mkono, tukaenda hospitali.

Mpiga picha wa ultrasound alinipaka jeli baridi tumboni. Nilimwomba ageuze skrini nisiione, nikamwomba mtafiti aangalie kwa niaba yangu. Hapo akaniambia jambo ambalo sikuliweka kwenye mazungumzo ya wasichana: alipokuwa na mimba yake mwenyewe alikataa picha hadi akajifungua.

"Ya samaki naweza," alinong'ona. "Ya mtu sijawahi."

Lakini alisimama palepale, mkono wangu ukiwa mkononi mwake.

Kifaa kikaanza kusogea tumboni. Nilifumba macho. Nilisikia feni, viatu vya mtu nje ya mlango, na pumzi ya mtafiti. Alinyamaza vilevile alivyolinyamazia lile yai, nami nikajaribu kusali nikakuta nimesahau sala niliyoijua tangu utotoni.

Kisha vidole vyake vikavibana vyangu.

"Achiel," alisema. "Ariyo. Adek."